Pika chakula kinachojua kusubiri

Mara ya kwanza kualika watu nyumbani kwa chakula cha mchana cha Jumapili, mimi mwenyewe nilikula saa kumi na moja jioni, nimesimama kando ya sinki, kwa upawa. Wageni walikuwa kumi na wanne. Nilikuwa nimepanga vyakula saba, na vinne kati ya hivyo vilikuwa vya kukaanga, yaani vinne vilivyotaka mtu asimame jikoni dakika ile ile ambayo wenzake wanakula. Sebuleni watu wanacheka, nami nasikia kicheko tu, sijui kimeletwa na nini.

Shangazi yangu ndiye aliyekuja kunitoa. Aliingia jikoni na glasi yake ya maji, akatazama sufuria moja baada ya nyingine, akatazama gauni langu lililotapakaa mafuta kifuani, akanyoosha mkono akazima jiko. "Mama," akaniambia, "hawa watu wamekuja kwako au wamekuja kwa samaki?" Nikajitetea kwamba wamebaki vipande vinane tu. Hakunijibu. Aliutoa mwiko mkononi mwangu, akautumbukiza kwenye sinki lenye maji ya sabuni, basi. Nilipofika sebuleni, wawili walikuwa wameshaanza kuwavalisha watoto viatu.

Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji nusura azimie.

Tangu hapo, kabla chakula hakijapata nafasi kwenye meza yangu ya Jumapili, nakiuliza swali moja: unaweza kunisubiri? Nyama ya mchuzi inaweza. Maharage yanaweza, tena kwa furaha. Kuku wa kuoka anaweza kukaa nje ya oveni robo saa akiwa amefunikwa, na hiyo robo saa humfaa, maana maji ya nyama hutulia ndani badala ya kumwagika yote kwenye sinia anapokatwa. Wali unaweza kubaki kwenye sufuria yake, umefunikwa, moto chini kabisa. Chipsi haziwezi. Samaki wa kukaanga hawezi, mayai ndiyo kabisa. Sisemi usivipike maishani mwako, vipikie watu wawili. Kwa watu kumi naruhusu kitu kimoja tu cha dakika ya mwisho, na mara nyingi hata hicho nakifuta Jumamosi usiku nikiwa nimechoka na akili zimenirudi.

Nyama ya mchuzi ndiyo rafiki yangu mkubwa, nami naipika Jumamosi. Si kwa kubana muda tu. Mchuzi uliolala huwa mtamu kuliko uliopikwa leo, na sababu unaweza kuiona kwa macho: asubuhi ukifungua friji unakuta mafuta yamepanda juu yameganda kama kifuniko, unayaondoa kwa kijiko kiasi utakacho, na chini yake mchuzi umekuwa mzito unaotikisika, kwa sababu ule utomvu wa kwenye mifupa na mishipa umetulia. Viungo navyo vimepata usiku mzima wa kuzoeana na nyama. Ila chumvi usiimalize Jumamosi. Mchuzi ukipashwa moto unapungua maji, chumvi inabaki pale pale, na uliouonja ukasema sawa jana unaweza kukukunja uso leo. Acha kidogo, malizia Jumapili.

Hapa kuna jambo la kuwa makini nalo. Sufuria kubwa ya mchuzi ikiachwa mezani ipoe yenyewe, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo, tuseme kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ndimo vijidudu vinamozaliana kwa raha zao. Ninachofanya ni kuugawa mchuzi kwenye bakuli pana zenye kina kifupi, na ukiacha kutoa mvuke mwingi, ndani ya friji. Muda wote nje usizidi saa mbili, na kama hewa yenyewe ni ya joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Kesho yake upashe hadi uchemke kwelikweli, si kuutia joto la kuoshea watoto.

Wali wa kulala ndio unaonitia wasiwasi zaidi, na watu hucheka nikisema. Mchele una vimelea ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje kwa muda mrefu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata uupashe moto namna gani. Kwa hiyo wali naupika siku ile ile, na unaobaki unaingia friji mapema, haungoji mgeni wa mwisho aage.

Vipimo navyo vilinitesa. Nilikuwa nakisia kwa macho, na macho ya mwenyeji yana hofu: yanaona watu kumi, yanapikia ishirini na tano. Kilo moja ya mchele mkavu inawatosha watu wazima kumi, na kama kuna vyakula vingine vingi mezani hata kumi na wawili. Kuku mmoja wa kilo moja na nusu namhesabia watu wanne. Ukiongeza mchele mara mbili usiongeze maji mara mbili. Maji yanayopotea kwa mvuke yanategemea upana wa sufuria na kufunga kwa mfuniko, hayategemei wingi wa mchele, kwa hiyo ukizidisha kila kitu sawasawa unaishia na uji wa sherehe. Punguza kidogo, na maji ya moto yakae karibu. Kuongeza ni rahisi, kutoa ndiyo kazi. Tena sufuria kubwa huchelewa kuchemka. Wali wa nyumbani unaoiva kwa dakika ishirini na tano, wa watu kumi na wanne unaweza kukuchukua karibu saa nzima kuanzia maji ya baridi. Hilo halikuwa kwenye hesabu zangu siku ile ya samaki.

Kuku akiwa ameganda, mhamishe kutoka kwenye barafu kwenda kwenye friji ya kawaida Ijumaa usiku. Mzima wa kilo mbili anahitaji kama siku nzima kuyeyuka, na ukimkuta mgumu tumboni asubuhi ya Jumapili hakuna sala itakayokusaidia. Saladi: katakata mboga mapema, sawa, lakini chumvi na limau viingie watu wakiwa wanavuta viti. Chumvi huvuta maji kwenye tango na nyanya, na baada ya nusu saa unapakulia watu supu ya baridi.

Na gesi. Tikisa mtungi Jumamosi. Sitaeleza nimejifunzaje.

Vinywaji nilikuwa navirundika kwenye friji asubuhi, vikaja kutoka vuguvugu huku vimefukuza chakula kilichostahili kuwa mle ndani. Chukua ndoo au beseni, tia barafu, kisha tia maji. Watu wengi husahau maji. Barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu. Maji ya barafu yanaikumbatia chupa yote, kwa hiyo inapoa haraka kuliko hata kwenye friji. Ukinyunyiza chumvi kiganja kimoja inapoa haraka zaidi. Liweke beseni mbali na meza ya chakula, kona nyingine kabisa, la sivyo watu wanaotafuta soda na watu wanaopakua watagongana viwiko mahali pamoja.

Meza yenyewe naivuta kutoka ukutani ili watu wapakue kutoka pande zote mbili. Sahani mwanzo wa safari, vijiko na uma mwisho, kwa sababu mtu ana mikono miwili tu na anapopakua anaihitaji yote. Viti kama havitoshi tandika mkeka. Nimegundua wa kwenye mkeka ndio wanaocheka zaidi, sijui kwa nini. Watoto nawalisha nusu saa kabla ya wakubwa. Mtoto aliyeshiba anacheza. Mwenye njaa anamng'ang'ania mama yake gauni wakati wote wa maongezi.

Sasa kuhusu swali ambalo kila mgeni mwema huuliza: "Nije na nini?" Zamani nilijibu kwa heshima zote, "Usijisumbue, njoo tu." Ni uongo wa adabu, na kila mtu anaujua, kwa hiyo walikuja na keki. Keki nne. Siku hizi nataja kitu, nacho si chakula kikuu, kwa sababu mtu wa chakula kikuu akichelewa sote tumefungwa. Namwambia mmoja alete barafu, mwingine matunda, mwingine viti vyake vinne vya plastiki. Shemeji yangu kazi yake ni muziki na kuokoa watu na muziki. Mtu aliyepewa kazi ndogo huingia kwa miguu ya mwenyeji, hakai ukingoni mwa kochi akisubiri kukaribishwa.

Nami nina swali langu ninalouliza wakati wa kualika, kwa sauti ile ile ya kawaida: kuna asichokula mtu yeyote kwenu? Nilichelewa kulianza. Kulikuwa na mboga nilizounga kwa karanga, zilizosagwa laini zikapotea kabisa, hata mimi nikizitazama nisingezijua. Rafiki yangu alishachota kijiko akakielekeza mdomoni kwa mwanawe wa miaka mitatu, akasimama nusu njia, akaniuliza tu kwa mazoea, "Hizi hazina karanga, sivyo?" Kijiko kilikuwa kimebakiza vidole viwili kufika. Yule mtoto karanga humvimbisha koo. Siku hizi karanga zinakaa kwenye bakuli lake, pembeni, mwenye kuzitaka anajinyunyizia, na bakuli hilo lina kijiko chake kisichohama. Na hata kwa wasio na tatizo hilo, karanga nzimanzima na zabibu mbichi zisizokatwa usiwaachie watoto chini ya miaka mitano; hukwama kooni kirahisi.

Usafi wa nyumba? Choo, sebule, na mlango wa chumba cha kulala ufungwe. Huko ndani weka chochote ulichokosa pa kukiweka. Niliwahi kupanga kabati la nguo saa tano asubuhi siku ya wageni, na mpaka leo mume wangu hunitania nalo.

Saa nayo isemwe vizuri. Ukisema "njooni mchana" umewapa watu ruhusa ya kuja kati ya saa sita na saa kumi. Mimi nasema: mlango uko wazi kuanzia saa saba, tunakula saa nane kamili. Kisha nakula saa nane kamili. Hilo la pili ndilo gumu. Unaona nafasi mbili hazijajaa, moyo unakuambia ngoja dakika kumi, na dakika kumi zina wajukuu. Pakulia waliopo. Anayechelewa atakuta chakula kinachojua kusubiri, si ndiyo? Ataingia akiona watu wanakula, atanawa mikono na kukaa, bila aibu ya kuambiwa sote tulikuwa tunakungoja wewe. Nilidhani ni ukosefu wa adabu mpaka nilipokuwa mimi mchelewaji kwenye nyumba moja, nikakuta watu kumi wameshikilia njaa zao kwa ajili yangu. Kile chakula hakikupita kooni.

Baada ya kula kuna nusu saa ambayo usiisogelee jikoni hata kidogo. Mtu mmoja atanyanyuka na rundo la sahani. Akinyanyuka na wewe unanyanyuka, sote tunanyanyuka, na mazungumzo yanafia hapo hapo. Nimeweka beseni la maji ya sabuni chini ya sinki, vyombo vinatumbukizwa humo na kuachwa viloweke. Wanaotaka kuosha, na wapo daima wawili watatu wanaopenda kusengenya wakiosha, nawaachia baadaye, nami nafuta.

Masalio nayagawa kabla watu hawajaanza kutafuta funguo za gari, kila kitu kikiwa bado hakijamaliza saa zake mbili. Naweka kando makopo ya aiskrimu yaliyooshwa mwezi mzima kwa ajili hiyo, shangazi akipewa la kwanza na kubwa zaidi. Vyombo vyangu vizuri vyenye mifuniko ya kubana nimevificha juu ya kabati. Vilikuwa sita. Vitatu viko kwa dada yangu tangu mwaka jana, na kila nikimuuliza ananiambia nije nivichukue Jumapili, atapika.