Kabla Hujasaini Mkopo, Hesabu Mwezi Usio na Mpangaji

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Benki imemkubalia mkopo wa nyumba ya kupangisha, nyumba ameshaipenda, na dalali amempigia hesabu: kodi ya pango itazidi kidogo rejesho la mwezi, kwa hiyo nyumba itajilipa yenyewe. Anauliza achukue au aache.

Hesabu hiyo naijua. Nilipigiwa hiyo hiyo nilipokuwa natafuta nyumba yangu ya kwanza, nikaikataa, na kukataa kwangu kulinipa maneno ya kusikia. Ndugu zangu walisema naogopa utajiri. Rafiki niliyemheshimu aliniambia mbele za watu kwamba mtu wa aina yangu atazeeka akiwa mpangaji. Nikachukua nyumba ndogo zaidi, ambayo niliweza kutanguliza theluthi moja ya bei kutoka kwenye akiba, na benki ikanikopesha iliyobaki. Sijayasahau maneno yale, na sioni haya kusema kwamba leo nina nyumba tatu na mbili kati yake hazidaiwi hata senti.

Kwa nini niliikataa hesabu ya dalali? Kwa sababu ilikuwa na miezi 12 ya pango, na hakuna mwenye nyumba aliyeahidiwa miezi 12. Mpangaji akihama, unapaka rangi, unaziba bomba, unatafuta mwingine, na mwezi umekwenda. Mwezi mmoja mtupu ni zaidi ya asilimia 8 ya mapato ya mwaka mzima. Hapo hujagusa bima, kodi ya majengo, ukarabati wala ujira wa dalali mwenyewe. Mimi napiga hesabu kwa miezi 10, natoa gharama zote hizo, na kinachobaki ndicho nakilinganisha na marejesho ya mwaka. Nyumba isipovuka hapo naiacha, hata iwe nzuri namna gani.

Mpangaji wangu wa kwanza alinithibitishia mapema kwamba sikuwa mwoga bure. Alikuja na maneno matamu, akalipa vizuri miezi ya mwanzo, kisha zikaanza ahadi: mwisho wa wiki, mwisho wa mwezi, mshahara umechelewa. Mwishowe alihama usiku, akaniachia malimbikizo, ukuta wa bafuni umeloa na kitasa kimeng'olewa. Amana aliyoiweka haikufika hata nusu ya alichodaiwa. Bado inaniuma, maana nilimvumilia kama ndugu yangu wa damu.

Lakini benki haiulizi habari za mpangaji. Tarehe ikifika, inataka rejesho lake. Nililipa kutoka kwenye akiba niliyoitenga kabla hata ya kununua, marejesho ya miezi sita kwenye akaunti ya peke yake, na sikuchelewa hata mara moja. Waliokuwa wakinicheka walikuwa na nyumba kubwa kuliko yangu, ila akiba hiyo hawakuwa nayo. Ya mmoja wao iliishia mnadani. Sikufurahi, ila sikushangaa.

Sasa tuje kwenye mkopo wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Mtu hudhani akilipa nusu ya muda amemaliza nusu ya deni. Chukua mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaolipwa kila mwezi kwa kiasi kilekile. Katika rejesho la kwanza, zaidi ya asilimia 90 inakwenda kwenye riba. Baada ya miaka 10 ya kulipa bila kukosa, bado unadaiwa karibu asilimia 77 ya ulichokopa. Benki haijakuibia, riba hutozwa kwenye deni lililobaki, na mwanzoni deni lote bado liko pale.

Ila hesabu hiyo hiyo inaweza kukufanyia kazi. Ongeza asilimia 10 juu ya kila rejesho tangu mwezi wa kwanza, benki iipeleke nyongeza hiyo kwenye deni la msingi, yaani kiasi ulichokopa chenyewe bila riba, na mkopo ule wa miaka 20 utaisha kabla ya miaka 15. Hivyo ndivyo nilivyofuta madeni yangu mawili. Ziada yoyote ya pango niliirudisha benki. Gari sikununua, na nikaambiwa najitesa. Waliosema hivyo wengi wao bado wanalipa.

Uliza pia kama riba imefungwa au inapanda na kushuka. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na benki kuu nyingi duniani zilipandisha zao kipindi hicho. Riba ya benki kuu ikipanda, riba ya mkopo isiyofungwa huifuata. Katika mfano wetu, riba ikitoka asilimia 12 hadi 15 mapema katika mkopo, rejesho linapanda kwa karibu asilimia 20. Mpangaji wako hatakubali pango lipande hivyo kwa mwezi mmoja, na ukimlazimisha atahama.

Na kuhama kwake ni ghali kuliko unavyofikiri. Ukipandisha pango kwa asilimia 5, mpangaji mzuri akaondoka na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja, utahitaji miezi 20 ya pango jipya kurudisha mwezi huo tu. Ndugu zangu, tuache tamaa! Mpangaji anayelipa kwa wakati na kuitunza nyumba, mtengenezee bomba siku hiyo hiyo anapopiga simu. Mheshimu, usiingie kwake bila taarifa, na mkataba uwe wa maandishi hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Hasa kama ni mtoto wa shangazi yako.

Kwako msomaji uliyeniandikia: kwa hesabu uliyonitumia, usichukue. Pango linalozidi rejesho kidogo tu halijalipa bima, halijalipa fundi, na halijapita mwezi mtupu hata mmoja. Zungumza na muuzaji ashushe bei, au subiri hadi uweze kutanguliza zaidi ili rejesho lishuke, na marejesho ya miezi sita yakae pembeni kwanza. Ukirudi benki, omba jedwali la marejesho yote tangu la kwanza hadi la mwisho, na usome kifungu cha kulipa mapema. Kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda, omba iondolewe. Wakikataa, ulizia benki nyingine kabla hujasaini.