Bia za Kibelgiji kwa maji ya Ziwa Tanganyika: anzeni na dubbel, tripel isubiri

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi niko Mwanga, Kigoma. Tuna kiwanda kidogo: sufuria la lita 100 na matangi matatu ya plastiki. Tumeamua kutoa bia nne za Kibelgiji, yaani ya ngano yenye giligilani na ganda la chungwa, saison (bia kavu ya mashambani), dubbel (nyeusi) na tripel (nyeupe na kali). Maji ni ya bomba, yanatoka ziwani, na tunayachemsha kwanza ili magadi yashuke. Tripel imetoka na harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na ukinywa glasi moja tu asubuhi kichwa kinagonga. Ile ya ngano ina ukakasi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Saison ndiyo imetushinda kabisa: chupa 6 zimepasuka stoo, na zilizobaki ukifungua bia inaruka hadi darini. Wakati wa kujaza chupa tuliweka gramu 12 za sukari kwa kila lita. Mwenzangu anasema kosa ni sukari, kwamba kutia sukari kwenye bia ni kuchakachua. Tuiache? Na hamira moja inaweza kufanya bia zote nne? Pia tulitaka kuandika "Trappist" kwenye lebo, kwa kuwa Wabelgiji waliwahi kukaa hapa Kigoma.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa chupa, na nashukuru hukuandika kwamba kuna aliyeumia. Saison tutaifikia. Kwanza niseme wazi: mlichagua majina manne mazuri kabla ya kuyauliza maji yenu na joto lenu vinataka bia gani. Mkibadili mpangilio, nusu ya matatizo yataondoka bila kununua kifaa hata kimoja.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana tabia yake. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hucheza karibu na 9, lakini hiyo si namba ya kuwanyima usingizi. Namba ya kuogopa ni bikaboneti, ndiyo hayo magadi yenu. Kwa kipimo cha maabara, kiasi cha alkali katika maji hayo hupita miligramu 300 kwa lita, kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti. pH inakuonyesha maji yamesimama wapi. Bikaboneti inakuonyesha yatagoma kiasi gani ukitaka kuyasogeza. Yenu yanagoma sana.

Uji wa kimea, yaani kimea kilichosagwa na kulowekwa kwenye maji moto, unataka pH kati ya 5.2 na 5.6. Kimea cheupe cha shayiri, na zaidi ngano mbichi isiyooteshwa, havina asidi ya kutosha kuyashusha maji hayo. Uji unabaki juu, kisha mnasuuza makapi kwa maji yaleyale, na ikipita 5.8 hivi maganda ya shayiri yanaanza kuachia tanini, kitu kilekile kinachokaza ulimi kwenye chai. Hapo ndipo chai yako iliposahauliwa. Giligilani haina hatia. Chungwa huenda linayo kidogo: kama mlikwangua hadi kwenye ule utando mweupe, mmeongeza uchungu juu ya ukakasi. Chukueni ganda la juu tu, lile linaloacha mafuta kidoleni.

Sasa hilo la kuchemsha. Ni ushauri wa kweli, ila si wa ziwa lenu. Maji ya kisima chenye chokaa ukiyachemsha, kalsiamu na bikaboneti hushikana na kuwa utando mweupe chini ya sufuria, nawe unamwaga maji mepesi juu. Tanganyika ina kalsiamu kidogo, kama miligramu 10 kwa lita, na magnesiamu kama mara nne ya hapo. Bikaboneti inakosa wa kushikana naye, inabaki humohumo. Najua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukesha huko nikichemsha mapipa mawili, nikapima kabla na baada, na kilichopungua kilikuwa mkaa.

Dawa ya kwanza ni mvua. Kigoma mna msimu mrefu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na maji ya mvua karibu hayana madini. Tegeni kwenye bati safi, mwageni yale ya mwanzo yanayooga paa, hifadhini kwenye tangi lenye kifuniko. Changanyeni nusu kwa nusu na maji ya bomba, kiasi cha alkali kitashuka hadi kama 160. Hapo asidi ya laktiki ya asilimia 88, kama mililita 20 kwa lita 100, inatosha kuyalainisha. Itieni kidogokidogo, mkikoroga na kupima; mita ya pH ya mkononi ni kifaa cha kununua kabla hata ya lebo. Mkitaka kutumia maji ya ziwa matupu mtahitaji karibu mililita 50, na kwa kiasi hicho ulimi unaanza kuonja mtindi. Katika hali hiyo bora asidi ya fosforiki ya daraja la chakula, ambayo haina ladha kubwa. Asidi ya betri isiingie hata getini. Nimewahi kuulizwa, ndiyo maana nasema.

Ongezeni pia kalsiamu kloridi ya daraja la chakula, gramu 20 kwa lita 100, au jasi kiasi hichohicho. Kalsiamu huusaidia uji kushuka pH, na baadaye huisaidia hamira kutulia chini ili bia ing'ae. Maji ya kusuuzia makapi nayo yatiwe asidi. Wengi husahau hapo, wakarekebisha uji halafu wakauharibu mwishoni.

Ndiyo sababu nasema muanze na dubbel. Kimea kilichokaangwa kina asidi yake chenyewe, nayo hupambana na bikaboneti bila ninyi kununua chupa ya dawa. Kihistoria miji yenye maji ya bikaboneti nyingi ilielekea kwenye bia nyeusi. Dublin ni mfano unaojulikana. Lakini kuna mtego: dubbel ya Ubelgiji hupata weusi wake kwa sehemu kubwa kutokana na sukari iliyopikwa ikaiva kuwa shira nyeusi, na shira hiyo haiushushi uji kwa kiasi cha kutegemewa, tena huingia sufuriani baadaye, uji umeshapita. Kwa hiyo kwenu mimi ningeegemea kimea: karameli nyeusi asilimia 10 hadi 12, kilichochomwa asilimia 1 au 2 kwa rangi, kisha sukari ya kupikwa kwa ajili ya harufu ya zabibu kavu na tende. Zaidi ya hapo mtakuwa mnatengeneza stauti, bia nyeusi ya kimea cha kuchoma, ambayo ni nzuri, ila si hii.

Mwenzako na sukari. Anachofikiria ni ile sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka bia iwe shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Hiyo ni Ujerumani. Ubelgiji walikwenda njia nyingine, na sukari ni sehemu ya ufundi wao. Tripel ya abasia ya Westmalle, monasteri ya watawa huko Ubelgiji, iliyotoka kwa jina hilo mwaka 1934 na kurekebishwa hadi kufikia mapishi yake ya sasa mwaka 1956, ina kileo cha asilimia 9.5, na bado inateremka kama bia nyepesi. Siri ni kwamba sukari huliwa yote na hamira, haiachi uzito. Kwa kimea kitupu bia ya nguvu hiyo ingekuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Asilimia 15 hadi 20 ya kitu kinachochachuka iwe sukari, ya dukani hiihii nyeupe, itiwe sufuriani dakika 10 za mwisho. Hapa Tabora mimi hubadilisha theluthi ya hiyo sukari kwa asali ya miombo kutoka Sikonge, lakini hiyo ni raha yangu, si sharti.

Kuchakachua ni kuweka sukari ili kuficha kimea kidogo. Hapo mwenzako ana haki, ila sivyo mlivyofanya.

Harufu ya rangi ya kucha basi imetoka wapi? Joto. Kigoma mchana chumba kinafika nyuzi 28 au 29, na hamira ikifanya kazi kwenye togwa tamu kama ya tripel inajizalishia joto lake. Ndani ya tangi panaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 5 au zaidi. (Naiita togwa yale maji matamu ya kimea yaliyochujwa, kabla ya hamira; ni nyepesi kuliko ya bibi, ila ukoo ni mmoja.) Kwenye nyuzi 33, hamira ya tripel inatoa ethili asetati, hiyo ndiyo kucha zako, pamoja na vileo vizito vinavyogonga kichwa. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo ndizo za kulinda. Ingizeni hamira togwa ikiwa nyuzi 18 au 19, tangi likae ndani ya beseni kubwa la maji yenye chupa za barafu, mbadilishe asubuhi na jioni. Siku ya nne acheni ipande yenyewe hadi 23 au 24, imalizie. Baada ya hapo joto halina madhara makubwa, kwani harufu nyingi zimeshaamuliwa. Hamira nayo msiibanie: gramu 1 ya hamira kavu kwa lita, na togwa ipigwe hewa vizuri kabla. Hamira chache kwenye togwa nzito hujikongoja na kunuka vilevile.

Hadi mpate friji ya kuaminika, tripel ikae pembeni. Sisemi haiwezekani, nasema hela zenu zitakwisha kabla ya uzoefu kuja.

Saison ni kinyume chake, na ni rafiki yenu. Ilitengenezwa kwenye mashamba ya Hainaut, kusini mwa Ubelgiji, kwa ajili ya vibarua wa msimu, na baadhi ya hamira zake hupenda joto ambalo nyingine zingelilalamikia. Dupont, kiwanda kinachotajwa zaidi kwa mtindo huu, kinajulikana kwa kuchachusha kwenye nyuzi zinazopita 30. Kwa hali ya Kigoma hiyo ni zawadi: bia ambayo chumba chenu cha kawaida kinaitosha.

Ila hamira nyingi za saison zina kimeng'enya kinachokata hata zile wanga fupi ambazo hamira nyingine huziacha. Inaonekana imemaliza, hidromita (kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia) inasoma 1.010, mnajaza chupa; kumbe inakula taratibu hadi 1.003. Hesabu yenu ilikuwa hivi: bia ikiwa nyuzi 26 tayari imeshika gesi ya karibu ujazo 0.75, yaani robo tatu ya lita ya gesi kwa kila lita ya bia; gramu 12 za sukari zinaongeza ujazo 3 na kidogo. Jumla inakaribia 4 kabla hata ya hamira kuendelea na wanga. Wabelgiji hufika huko, lakini kwa chupa nene zenye kizibo cha waya, za aina ya shampeni. Chupa ya kawaida ya nusu lita inayozunguka kwenye kreti haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumieni gramu 6 hadi 7 kwa lita, si zaidi, na msijaze mpaka hidromita isome namba ileile mara mbili, wiki moja kati yake. Zilizobaki stoo msizishike hivihivi: zifunikeni kwa magunia mabichi, zipozwe, kisha zifunguliwe na mtu aliyevaa miwani na glavu nene.

Kuhusu hamira moja: dubbel na tripel, ndiyo, kwa ndugu hizi mbili ni jambo la kawaida. Ya ngano inaweza kukubali hamira hiyohiyo, ingawa ile harufu ya karafuu inayotokana na hamira itapungua. Saison iwe na hamira yake, tangi lake, mpira wake na bomba lake. Plastiki hushika, na yule mla wanga akihamia kwenye dubbel mtapasua chupa za dubbel pia.

Bia ya ngano msiitupe. Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, aliifufua bia ya ngano ya kijiji cha Hoegaarden, Ubelgiji, mwaka 1966, miaka kama tisa tangu kiwanda cha mwisho cha bia hiyo kijijini kifungwe, na hakuwa na mitambo ya ajabu. Rekebisheni maji, wekeni giligilani gramu 50 au 60 kwa lita 100 dakika 5 za mwisho, itarudi. Itokee ya tatu, wakati wa mvua tangi likiwa limejaa.

Jambo dogo la mezani: povu. Mkisikia mteja anasema bia ya ngano haina povu, angalieni glasi kabla ya kuangalia tangi. Kigoma ni nchi ya mawese na migebuka, na sponji iliyosugua sahani ya mawese ikipita kwenye glasi, povu halikai hata dakika. Glasi ziwe na beseni lake.

Na lebo. "Trappist" si jina la mtindo. Linalindwa na muungano wa abasia zenyewe, ulioanzishwa 1997, na bia lazima itengenezwe ndani ya kuta za monasteri chini ya usimamizi wa watawa. Wabelgiji kweli walikuwa na eneo lao bandarini Kigoma kwa mkataba wa 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, lakini walikuja kusafirisha mizigo ya Kongo. Andikeni "dubbel" na jina lenu la Mwanga, inatosha. Alama ya ubora ya TBS na stempu za kodi za TRA mtazihitaji kwa vyovyote, jina liwe lolote.

Dubbel ikitimiza wiki sita kwenye chupa, nitumie mbili kwa treni nizionje hapa Tabora. Saison usitume, nitakuja kuinywa hukohuko.