Hesabu Miinuko Kabla ya Kilomita: Kupanga Safari ya Baiskeli ya Kikundi Kutoka Mombasa Hadi Taita

Wengi wetu tunaoendesha baiskeli Mombasa tumejifunzia kisiwani, ambako mwinuko wa kujisifia ni kupanda Daraja la Nyali huku upepo ukikupiga ubavuni. Ndiyo maana kikundi kinapokaa barazani kupanga safari ya siku kadhaa kupitia Kwale na Kinango hadi Wundanyi, mji ulio juu kwenye milima ya Taita, swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi kwa siku. Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kwamba tutapanda mita ngapi, na la pili ni nani miongoni mwetu atakayefika juu wa mwisho, na atafika saa ngapi. Ukiwa na majibu ya hayo mawili, mambo mengine yote, kuanzia malazi na chakula hadi gari la mizigo, hupangika kwa urahisi.

Mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa bila kuhema katika barabara ya Likoni kuelekea Ukunda hushuka hadi saba au nane anapokabili mlima wa kweli, na akiwa amebeba mizigo hushuka zaidi. Kanuni ninayoitumia ni kugawa kilomita za siku nzima kwa mwendo wa tambarare wa mwendeshaji wa polepole kuliko wote, kisha kuongeza saa moja kwa kila mita 400 za kupanda. Chukua kipande cha Mwatate hadi Wundanyi, ambacho ni karibu kilomita 15 na kinapanda takriban mita 500: mtu huyo angekimaliza kwa saa moja kama kingekuwa tambarare, lakini kwa hesabu hii anahitaji zaidi ya saa mbili, mbali na mapumziko. Programu za ramani za simu huonyesha mchoro wa miinuko ya njia nzima, na inafaa kuukagua kipande kwa kipande, kwa sababu wastani hudanganya. Kilomita kumi zinazopanda taratibu hazimchoshi mtu kama kilomita mbili zilizosimama.

Njia ninayowapendekezea wanaoanza haikai katika barabara kuu ya Nairobi. Siku ya kwanza mnavuka kwa feri Likoni asubuhi, wakati umati mkubwa unakuja kisiwani na nyinyi mnatoka, mnafuata barabara ya Lunga Lunga hadi Kombani, kisha mnakata kulia na kuupanda mlima wa Kwale. Mji wa Kwale uko karibu kilomita 30 kutoka Mombasa na takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari. Wapo watakaolalamika kwamba siku ya kilomita 30 ni ya watoto. Waache walalamike, kwa maana mlima huo utakuonyesha mapema ni goti la nani linalouma, gia ya nani inaruka na nani hakufanya mazoezi, na yote hayo mkiwa bado karibu na nyumbani, mahali ambapo mtu anaweza kurudi kwa matatu bila fedheha. Mchana unaobaki unatosha kutembelea Hifadhi ya Shimba Hills kwa gari, kwani mle ndani mna ndovu na hakuna nafasi ya baiskeli. Humo ndimo wanamopatikana palahala, aina ya swala ambao huwaoni kwingineko Kenya.

Siku ya pili mnateremka kuelekea Kinango na kuendelea hadi mji wa Samburu ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi. Msidanganywe na neno kuteremka. Mnaingia nyika kavu, barabara inapanda na kushuka vilima vidogo visivyokwisha, kivuli ni haba na jua ni kali kuliko la pwani kwa sababu upepo wa bahari haufiki. Hapa panahitaji maji kuliko mahali pengine popote katika safari. Hesabu lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya joto, na msitegemee kununua njiani. Katika baadhi ya chupa wekeni maji ya chumvi na sukari: vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Anayetokwa na jasho kwa saa nyingi akinywa maji matupu peke yake anaweza kuishia na kichwa kuuma na misuli kukaza.

Kutoka Samburu hadi Voi ni zaidi ya kilomita 80 za barabara kuu, na ushauri wangu hapa hauna masharti: pakieni baiskeli kwenye lori dogo. Najua kuna wanaoona kwamba safari iliyokatizwa kwa gari si safari. Lakini barabara ile ndiyo njia ya matrela yote yanayotoka bandarini kwenda bara, na trela moja likijaribu kulipita jingine, anayesukumwa nje ya lami ni mwendesha baiskeli. Kikundi cha watu kumi hakina faida yoyote ya kupata pale isipokuwa kujigamba. Lori liwafikishe Voi, mlale, na alfajiri ya pili, kukishapambazuka vizuri, mwanze kilomita takriban 25 za kwenda Mwatate. Nasema kukishapambazuka kwa sababu eneo hilo lipo katikati ya Hifadhi za Tsavo na ndovu huvuka barabara. Msiendeshe gizani, na mkimwona ndovu karibu na lami, simameni mbali mkasubiri aondoke kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi kikundi kipya kiendelee kutoka Mwatate kuelekea Taveta kwa baiskeli, kwani barabara hiyo inapita ndani ya Tsavo Magharibi.

Mlima wa Wundanyi ndio kiini cha safari. Barabara inajipinda kona baada ya kona, na mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, huku kilele cha Vuria kilicho jirani kikifika mita 2,208. Hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita elfu moja, kwa hiyo mtu wa Mombasa aliyezoea kulala bila shuka atajikuta akitafuta sweta. Waambieni wenzenu mapema wabebe koti jepesi la kuzuia upepo, kwa kuwa baridi mbaya zaidi haiwapati wakati wa kupanda bali wanaposimama juu na shati lililolowa jasho. Kaeni Wundanyi siku mbili ikiwezekana, moja ikiwa ya kuzunguka Werugha na Mgange bila mizigo. Hali ya barabara za huko ulizeni kwa vijana wa bodaboda, ambao wanajua ni kipande gani kimeharibiwa na mvua wiki iliyopita.

Kuhusu baiskeli nina sharti moja tu la lazima: gia ndogo ya mbele isizidi kwa meno gia kubwa ya nyuma. Zikilingana, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli kiasi cha mita mbili, na mtu anaweza kupanda kwa kilomita saba kwa saa huku akizungusha miguu mara 60 kwa dakika bila kusimama juu ya pedali. Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, inabeba magunia sokoni Kongowea kutwa nzima, lakini mlimani itaishia kusukumwa kwa mikono. Kila baiskeli ipelekwe kwa fundi wiki mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari, ili cheni mpya au waya mpya wa breki upate muda wa kukaa sawa. Tyubu za akiba zinunuliwe kwa ukubwa wa kila rimu iliyopo kwenye kikundi. Mazoezi ya mlima mnaweza kuyapata karibu, kwa kuupanda mlima wa Kwale mara kadhaa Jumapili asubuhi.

Sasa nije kwa watu, ambao ni wagumu kuliko mlima. Idadi inayofaa ni kati ya wanane na kumi na wawili. Wakizidi hapo, mkahawa wa mji mdogo hauwezi kuwapikia kwa wakati na kikundi hutawanyika barabarani kama ushanga uliokatika uzi. Mlimani msijaribu kwenda pamoja. Kila mtu ana mwendo wake wa kupanda, na anayelazimishwa kwenda kwa mwendo wa mwingine huchoka upesi, awe amepunguza au ameongeza. Kinachofaa ni vituo vya kusubiriana vilivyokubaliwa tangu asubuhi, kila baada ya kilomita tano hivi, na kwenye kila njia panda bila kukosa, ambapo mtu haondoki mpaka aliye nyuma yake amemwona ameelekea wapi. Nyuma ya wote akae mtu mzoefu mwenye pampu, viraka na subira.

Jambo linalovunja mioyo ya watu ni namna ya kupumzika. Waliotangulia hukaa kivulini nusu saa wakinywa soda, kisha yule wa mwisho akifika tu wanainuka na kusema haya twende. Mnyonge wa kikundi ndiye pekee ambaye hakupumzika. Muda wa mapumziko uanze kuhesabiwa pale wa mwisho anapoteremka kwenye baiskeli yake, na asiyekubali sharti hili asafiri peke yake. Gari la mizigo nalo lisitambae nyuma ya wapandaji na kuziba barabara yenye kona. Litangulie kituo kimoja, liegeshwe mahali pa wazi, liwangoje likiwa na maji na ndizi.

Ratiba ya siku ifuate jua na swala. Ondokeni mara tu kukipambazuka, mpige hatua kubwa kabla ya saa tano, na mtafute mji au kijiji chenye msikiti kufikia saa sita na nusu. Adhuhuri, chakula cha mchana na joto kali vinaangukia wakati mmoja, kwa hiyo mapumziko ya hadi saa nane au saa tisa hayapotezi kitu. Pangeni siku ya Ijumaa iwaangukie Kwale au Voi. Ramadhani iacheni kabisa, kama mnavyoiacha miezi ya mvua za masika. Julai hadi Septemba nyika huwa na joto la kuvumilika, ingawa huko juu Taita mtakutana na ukungu. Dada zetu wanaovaa buibui wanafaa kubadilisha kwa suruali pana iliyofungwa kifundoni na kanzu fupi, maana pindo refu na cheni havipatani.

Chakula kiagizwe kwa simu siku moja kabla, kwa sababu kumi na wawili wenye njaa wakiingia bila taarifa saa nane mchana watakuta chai na mandazi mawili. Fedha zishikwe na mtu mmoja, michango itumwe kwa M-Pesa kabla ya kuondoka, na akiba ya noti iwepo. Andikeni pia hospitali zilizo njiani: Kwale, Kinango, Voi, na Wesu iliyo karibu na Wundanyi.

Kuteremka kutoka Wundanyi kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Anayekamata breki mfululizo hupasha rimu moto, na moto huo unaweza kupasua tyubu katikati ya kona. Kamateni kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha mwachilie zipoe. Mipira ya breki ikaguliwe usiku uliotangulia. Washukao wapeane nafasi ya mita 50, simameni nusu ya mlima kila mmoja apumzishe mikono, na lori la kuwarudisha Mombasa liwangoje Mwatate, likiwa limelipwa nusu tu ya nauli mpaka baiskeli zote zishushwe salama.