Sigara ya Zamu ya Usiku: Maswali ya Wahudumu wa Afya

Mimi ni muuguzi katika wadi ya kujifungulia hapa Kisumu. Tukimpoteza mama au mtoto usiku, hutoka nje nikavuta sigara moja ndipo mikono itulie. Wenzangu husema ninajidhuru, lakini mbona hunituliza kweli?

Pole sana, dada, kwa mazito unayoyabeba. Utulivu unaouhisi ni wa kweli, ila hautoki unakodhani. Nikotini hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta, kisha kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo aliyeizoea huanza kushikwa na wahaka na hasira za haraka hata kabla zamu haijafika katikati. Sigara ya pili huondoa wahaka ulioachwa na ya kwanza, na huzuni ya kumpoteza mama hubaki palepale. Tafiti zimeonyesha kwamba walioacha, wakishavuka wiki chache za mwanzo, huwa na wasiwasi na msongo mdogo kuliko walipokuwa wakivuta.

Hebu pia uangalie unachokifanya ukitoka. Unaiacha wadi, unasimama kwenye hewa ya usiku, unavuta pumzi ndefu, na kwa dakika kumi hakuna anayekuita. Hayo yangekutuliza hata bila moshi. Linalonisikitisha ni kwamba pengi kazini mvutaji hutoka bila kuulizwa, ilhali asiyevuta akiomba dakika zizo hizo huonekana mvivu. Endelea kutoka, dada, lakini uiache sigara. Kukitokea kifo, mwombe msimamizi awakusanye wote mliokuwepo, mzungumze yaliyotokea kabla ya kukabidhi zamu, kwa maana kilio kilichomezwa usiku humfuata mtu hadi nyumbani.

Mimi ni tabibu Nakuru, nahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Nitawaambiaje waache sigara nami navuta?

Waambie, ndugu yangu, tena leo. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu na ya kufa kwa sababu yake, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo hata kama nafsi inakusuta. Ushauri wa dakika mbili au tatu kutoka kwa mhudumu wa afya huwasukuma baadhi ya watu kuacha, nao wahudumu wanaovuta ndio ambao mara nyingi huunyamazia.

Nasimamia wadi katika hospitali moja ya Kakamega. Vijana wangu huvutia nyuma ya jengo la kufulia. Niwaripoti?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza uvutaji katika maeneo ya umma, na hospitali zimo. Una wajibu wa kuwakumbusha, wala usiwaonee haya. Lakini kabla ya kuandika barua ya onyo, ichukue ratiba ya zamu uisome kwa makini. Je, kuna aliyepangiwa usiku mfululizo kwa sababu mwenzake hajapatiwa mbadala? Je, chumba cha chai hufungwa jioni, ufunguo ukaenda nyumbani na mtu? Ukikifungua chumba hicho, ukaweka birika na viti, na ukapanga kwa maandishi nani atapumzika saa ngapi na nani atamshikia wagonjwa, utakuwa na haki ya kudai kwamba asivute mtu. Wanaohitaji msaada wa kuacha waelekeze kwa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambao nambari yao 1192 hupigwa bila malipo.

Vipi vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo? Havina moshi. (Mtaalamu wa maabara, Bungoma)

Ni kweli havina moshi, lakini nikotini imo, na uraibu ni ule ule. Usivianze ikiwa huvuti. Ikiwa unavuta na nia yako ni kuacha, tumia dawa zilizothibitishwa kwa kazi hiyo.

Nimejaribu chingamu ya nikotini nikaona haifai kitu. Nitaachaje nami nina zamu za usiku? (Muuguzi, Kisumu)

Huenda uliitafuna kama peremende. Itafune polepole hadi uhisi mwasho au ladha kali, kisha uibane kati ya shavu na ufizi; mwasho ukiisha, uitafune tena, na uendelee hivyo kwa takriban nusu saa. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla ya kuitumia, kwa sababu asidi huzuia nikotini isipenye mdomoni. Anayevuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 za kuamka huhitaji ya miligramu 4. Wengine hutumia ya miligramu 2. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi, kwa hiyo anza siku zako za mapumziko baada ya kumaliza zamu za usiku, ukishalala vya kutosha, na umwambie mapema mwenzako mmoja wa zamu ili asikupe sigara utakapomwomba.