Manowari ya kwanza ya feleji: Redoutable au Iris?

SWALI: Nimesoma kwamba Redoutable ya Ufaransa ndiyo manowari ya kwanza ya feleji (chuma cha pua). Kwingine sifa hiyo imepewa Iris ya Uingereza. Ipi ni sahihi? Na kama Wafaransa walikuwa na feleji, kwa nini mabamba ya nje ya Redoutable yalikuwa ya chuma?

JIBU: Inategemea unapima nini. Redoutable, kazi ya mhandisi Louis de Bussy, ilianza kujengwa Lorient, Ufaransa, mwaka 1873 na kushushwa majini 1876. Ndiyo manowari ya kwanza ambayo sehemu kubwa ya kiunzi chake, yaani mataruma (mbavu za meli) na mihimili, ilikuwa feleji. Iris ilishushwa Pembroke, Wales, mwaka 1877 ikiwa feleji mwili mzima, mabamba ya nje yakiwemo. Deraya, yaani mabamba mazito ya kuikinga meli na mizinga, ni jambo jingine kabisa, na watu wengi huchanganya hapo: ile ya Redoutable ilikuwa bado ya chuma.

Mabamba ya nje ndiyo yanayokunjwa kufuata umbo la meli na kutobolewa maelfu ya matundu ya ribiti (pini za kuyaunganisha), na feleji ya wakati ule haikuaminika kwa kazi hiyo. Ile iliyotengenezwa kwa njia ya Bessemer, yaani kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka kwa dakika chache, ilikuwa haitabiriki: bamba moja laini, jingine linapasuka lenyewe likiwa limelazwa karakanani. Mashine ya kupiga matundu iliharibu zaidi, kwani shinikizo lake liliacha pete ya feleji ngumu, isiyonyumbulika, kuzunguka kila tundu, na ufa ulianzia hapo. Dawa ni mbili: upanue tundu kwa keekee mpaka pete hiyo iondoke yote, au ulipashe bamba moto upya na kuliacha lipoe polepole. Hatari nyingine ni kulikunja bamba likiwa na joto la kati, lile linaloifanya feleji iliyosuguliwa ionekane ya buluu. Ama ulikunje baridi, ama likiwa jekundu.

Nathaniel Barnaby, msanifu mkuu wa meli za kivita za Uingereza, aliyaona haya alipotembelea Lorient na Brest mwaka 1874. Mwaka uliofuata aliwataka wafua feleji wa nchini mwake watoe kitu cha kuaminika. Kiwanda cha Landore, Wales, kikamjibu kwa feleji laini ya tanuri la Siemens. Humo kuyeyusha kulichukua saa kadhaa badala ya dakika, hivyo mafundi waliweza kuchota sampuli na kurekebisha mchanganyiko kabla ya kumimina.

Vipimo vya kuipokea vilikuwa vikali: ihimili mvuto wa tani 26 hadi 30 kwa inchi ya mraba, na kipande cha inchi 8 kirefuke kwa asilimia 20 kabla ya kukatika. Kisha ukanda wake ulipashwa hadi wekundu hafifu, ukatumbukizwa majini na kukunjwa kwa mviringo wenye nusu kipenyo cha mara moja na nusu ya unene wake. Ukipasuka, bamba linakataliwa. Kipimo hiki cha mwisho nakiona bora kuliko vyote, maana kinafichua kaboni iliyozidi, ile inayoifanya feleji iwe ngumu na kuvunjika ikipozwa ghafla, bila kuhitaji maabara.

Kilichobaki ni kutu. Bamba la feleji hutoka kiwandani na magamba meusi. Yakibanduka sehemu sehemu, maji ya chumvi hula vishimo penye uwazi haraka kuliko yanavyokula chuma. Kwa hiyo mabamba yalilowekwa kwanza kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, yakasuguliwa na kuoshwa kwa maji safi, ndipo rangi ikapakwa.