Limau langu linanuka sabuni ya vyombo, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza manukato nyumbani, Lindi mjini, nauza kwa chupa ndogo za mililita 30. Nimechanganya mafuta ya limau na ya chungwa kwenye alkoholi. Dakika 10 za kwanza ni raha tupu, lakini nusu saa haifiki harufu imeshakata. Nikazidisha limau mara mbili, haikusaidia, na sasa mteja ameniambia ananuka sabuni ya vyombo. Mimi nilitaka limau lenye mwili, la jioni ya ufukweni. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujapima tone jingine, menya kipande cha ganda la chungwa, washa mshumaa, kisha likunje ganda upande wa nje ukielekea kwenye moto. Utaona cheche zikiruka na kusikia mlio mdogo wa kupasuka. Hayo ndiyo mafuta unayoyanunua kwa bei ile. Yanatoka kwenye vifuko vidogo vya ganda, mepesi kama ukungu, ndiyo maana yanadaka moto na ndiyo maana yanapeperuka. Katika mafuta ya chungwa tamu, zaidi ya asilimia 90 ni limonini peke yake, yaani kile kiini chepesi cha harufu ya machungwa. Kwenye limau ni kama theluthi mbili. Ulipozidisha limau uliongeza kilekile kinachokimbia. Na joto letu la kaskazi, Desemba hadi Februari, linakikimbiza zaidi.

Mteja wako naye ana haki. Viwanda vya sabuni vimetuzoesha miaka mingi kwamba limau ni usafi, kwa hiyo limau tupu likipita puani, mtu anaona beseni na sahani. Harufu za jamii ya limau hufuata kumbukumbu za mahali. Ndimu hapa Mtwara ni pweza na kachumbari. Nimejaribu mara nyingi kuitoa jikoni, haitoki kirahisi. Chenza ni laini, lina utoto ndani yake. Danzi ndilo la jioni: chungu, lina kivuli. Ukitaka ufukwe jua likizama, mimi ningekuelekeza kwenye mti wa danzi.

Na mwili unaoulizia unaupata kwa kuliangalia tunda zima. Kata danzi moja. Nje kuna ganda lenye vijishimo, linakwaruza kidole. Chini yake utando mweupe, mkavu, mchungu. Halafu ndiyo maji. Chupa yako ina ule ukungu wa juu tu. Haina ukavu, haina uchungu, haina unyevu, basi pua haina pa kushika.

Uchungu na ukwaruzo utaupata kwenye petigreni, mafuta yanayokenekwa, yaani kuvunwa kwa mvuke, kutoka majani na vijiti vya mdanzi. Ponda jani lake mkononi utanielewa: ukijani, umbao kidogo, na limau kwa mbali. Mti huohuo maua yake hutoa neroli, ambayo ni nzuri sana lakini bei yake itakumaliza. Iache kwa sasa.

Unyevu unatokana na hedioni. Hii ni ya maabara, ina harufu hafifu ya asumini, na ukiinusa peke yake unaweza kudhani umeuziwa maji. Mtengeneza manukato Mfaransa, Edmond Roudnitska, aliitumia kwenye manukato ya Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, na limau la mle ndani likapata hewa na umande. Inadumu kuliko limau, hivyo limau likishaondoka bado kuna ubichi uliobaki ngozini.

Chini weka kitu kizito na kikavu. Napenda vetiva, mafuta ya mizizi ya zile nyasi zinazopandwa kuzuia mmomonyoko, pamoja na ubani. Punje ya ubani, kabla haijagusa kaa la moto, ina ukakasi unaofanana na limau. Ndiyo maana vinashikana: limau likipungua, ubani unapokea palepale. Guerlain, kampuni ya manukato ya Ufaransa, walikwenda njia nyingine mwaka 1925 kwa manukato ya Shalimar, bergamoti (tunda chungu la jamii ya limau) nyingi juu ya vanila, na ikatoka harufu ya usiku. Lakini chungwa na vanila kwenye mikono ambayo haijazoea hugeuka pipi. Subiri kwanza.

Anza hivi, kwa gramu na mizani, usihesabu matone: chungwa tamu 3, limau 1, petigreni 1.5, hedioni 2.5, miski ya maabara 1, vetiva 0.5, ubani 0.5. Jumla 10. Gramu 15 za mchanganyiko huo (kila kipimo ukizidishe mara moja na nusu) zitie kwenye gramu 85 za ethanoli, yaani alkoholi safi ya manukato. Spiriti ya vidonda au ya taa usiiguse kabisa kwa kazi hii.

Limau nimeliweka dogo makusudi. Mafuta ya limau yaliyokamuliwa bila moto yana vitu vinavyoifanya ngozi iungue juani, na kikomo cha kimataifa kwa manukato yanayobaki mwilini ni asilimia 2 ya bidhaa nzima. Ndimu iliyokamuliwa ni 0.7, bergamoti 0.4. Chungwa tamu halina shida hiyo, na ndimu iliyokenekwa kwa mvuke pia haina. Miaka ya mwanzo nilijipaka mchanganyiko wa ndimu iliyokamuliwa shingoni nikaenda ufukwe wa Msimbati jua la saa saba. Alama ya kahawia ilinikaa miezi kadhaa. Usimuuzie mtu jambo hilo.

Chupa ya mafuta yako ikae kwenye friji, ijae hadi karibu na mfuniko. Limonini ikikaa na hewa huoza, inanuka rangi ya ukuta, na huwasha ngozi.

Mchanganyiko uache wiki mbili gizani. Kisha ujaribu kwenye mkono wako mwenyewe, mchana, ukitembea kwenda sokoni. Karatasi ndani ya chumba chenye feni itakudanganya. Nusa baada ya dakika 5, 30, kisha saa 3. Ukiona vetiva imefunika kila kitu kwenye saa ya 3, ipunguze nusu na ujazie hedioni.

Na wateja wako wa Lindi waambie wafukize kanga kwa ubani au udi usiku, asubuhi ndiyo wanyunyizie juu yake. Mama zetu walishaweka harufu ya chini kwenye nguo zamani. Kitambaa hakina joto la ngozi wala hakiungui na jua, na limau likitua juu ya moshi ule, mwenye kanga ataligundua upya kila akigeuza ncha yake, hadi adhuhuri.