Umebakiza wiki nne kabla ya triathloni ndefu: amua lengo kwanza, ndipo upunguze mazoezi

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umebakiza wiki nne kabla ya triathloni ya masafa kamili (kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni) kule Gqeberha, Afrika Kusini, kwamba unafanya mazoezi Dar es Salaam bila kocha, na kwamba rafiki yako anakushawishi ulenge kumaliza chini ya saa 12. Unataka kujua uanze lini kupunguza mazoezi, upunguze kiasi gani, na kama lengo hilo linakufaa. Nitaanza na lengo, ingawa wewe umeliweka mwishoni, kwa sababu nimeshiriki mashindano hayohayo nikitokea hapahapa Dar na nimeona jinsi mambo haya mawili yanavyofungamana: lengo linapaswa kuamuliwa kabla kipindi cha kupunguza hakijaanza. Mtu aliyepumzika kwa siku kumi huwa na miguu miepesi na hamasa isiyo na breki, na muda anaojipangia akiwa katika hali hiyo hautokani na mazoezi aliyoyafanya bali na raha anayoisikia mwilini.

Tuchukue takwimu ulizotuwekea mwenyewe. Unaogelea kilomita 3.8 kwenye bwawa kwa takriban saa 1 na dakika 25. Safari yako ndefu ya baiskeli katika Barabara ya Bagamoyo ilikuwa kilomita 150 kwa wastani wa kilomita 27 kwa saa. Na umekimbia kilomita 30 kwa mwendo wa dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita. Ukivaa suti ya mpira, ambayo humwinua mwogeleaji majini, tuseme utaogelea kwa saa 1 na dakika 20. Kilomita 180 za baiskeli kwa mwendo wako ni saa 6 na dakika 40. Weka dakika 15 za kubadilisha mavazi na vifaa mara zote mbili. Marathoni baada ya hayo yote huwezi kuikimbia kwa mwendo wa mazoezini; ukiishikilia dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita umefanya kazi nzuri sana, na hiyo ni saa 4 na dakika 41. Jumla inakuja kama saa 12 na dakika 56.

Sasa geuza hesabu uone lengo la rafiki yako linadai nini. Ili upite chini ya saa 12, itabidi uendeshe baiskeli kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, kisha ukimbie marathoni kwa takriban saa 4 na dakika 20, ambao ni mwendo uleule wa dakika 6 na sekunde 10 uliokimbia kilomita 30 ukiwa hujachoka na ulikuwa na usiku mzima wa usingizi nyuma yako. Hakuna chochote katika kumbukumbu zako za mazoezi kinachoonyesha kwamba unaweza kufanya hivyo, na wiki nne zilizobaki haziwezi kukujengea uwezo huo, kwa sababu nusu yake utakuwa unapunguza mazoezi. Ningekushauri uandike kati ya saa 12 na dakika 45 na saa 13 na nusu, na uandike leo. Wala usione haya: mashindano ya kwanza kabisa ya masafa haya yalipofanyika Oahu, Hawaii, Februari 1978, walianza watu 15, wakamaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Vifaa na lishe vimebadilika sana tangu wakati huo, lakini saa 12 haijawahi kuwa muda wa kupewa mtu kama zawadi ya kujiandikisha.

Muda wa jumla, hata hivyo, ndio sehemu dhaifu ya lengo lolote la Gqeberha, kwa sababu ya upepo. Mji ule uko kwenye Ghuba ya Algoa na umezoeleka kwa upepo wake. Barabara ya baiskeli inapita kando ya bahari, na siku ambayo upepo umeamka, kilomita 22 kwa saa zinaweza kukugharimu nguvu nyingi kuliko kilomita 32 ulizopata ulipokuwa unasukumwa kutoka nyuma. Anayeukodolea macho wastani wa mwendo kwenye saa yake hujikuta anapigana na upepo ili kuurudisha, na deni hilo hulipwa kwenye marathoni. Kwa hiyo lengo lako la baiskeli liandike kwa juhudi, si kwa mwendo. Ukiwa na kifaa cha kupimia wati, yaani nguvu unayoisukumia pedali, kaa katika asilimia 68 hadi 75 ya nguvu unayoweza kuishikilia kwa saa moja, na kwa kiwango chako ningesogea upande wa chini. Usipokuwa nacho, tumia mapigo ya moyo uliyoyazoea katika zile safari ndefu za Bagamoyo, na kipimo cha ziada ambacho hakihitaji betri: uweze kusema sentensi nzima bila kukatiza ili uvute pumzi.

Mimi huandika malengo matatu kwenye karatasi moja. La kwanza ni la vitendo vilivyo mikononi mwangu: kula kila baada ya dakika 20 nikiwa kwenye baiskeli, kutovuka juhudi niliyoipanga kwenye mlima wowote, kukimbia kilomita 5 za kwanza polepole kuliko miguu inavyotaka. La pili ni ule muda niliouhesabu. La tatu ni kumaliza ndani ya muda unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida katika masafa haya ni saa 2 na dakika 20 kwa kuogelea na saa 17 kwa yote. Usome mwongozo wa washiriki wa mwaka wako, kwa sababu waandaaji hurekebisha mambo hayo. La tatu si la wanyonge. Tumbo likikataa jeli ya wanga unayokula njiani kilomita ya 120 ya baiskeli, au tairi likikupasukia mara mbili, unahitaji kuwa na jambo halali la kupigania kwa saa nane zilizobaki.

Baada ya kuliandika, ndipo uanze kupunguza. Wiki hii na ijayo bado ni za kazi. Mbio yako ndefu ya mwisho, ya saa mbili na nusu hivi, iishe wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kukimbia hugonga misuli na misuli iliyoumia huchukua muda mrefu kupona. Baiskeli inaweza kuendelea kidogo zaidi: saa tano wiki tatu kabla, saa tatu hadi nne wiki mbili kabla. Kuogelea ndiko unakopunguza kwa uchache kabisa, kwa kuwa hakuumizi misuli, na anayeacha maji kwa siku kadhaa hupoteza ule mshiko wa mkono ambao aliupata kwa miezi. Kwa mtu wa saa 14 kwa wiki kama wewe, ningeshuka hadi saa 10 au 9 wiki ya pili kutoka mwisho, kisha saa 5 hivi katika wiki ya mwisho bila kuhesabu siku ya mashindano.

Wengi hupunguza kitu kisicho sahihi. Husikia neno kupumzika, wakaacha kasi na kubakiza matembezi marefu ya polepole. Uchambuzi wa Laurent Bosquet na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007 baada ya kukusanya tafiti nyingi za wanamichezo wa ustahimilivu, ulionyesha kwamba manufaa makubwa zaidi hupatikana kwa kupunguza kiasi cha mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili, huku ukali wa mazoezi na idadi ya vipindi kwa wiki vikibaki kama vilivyokuwa. Kwa hiyo endelea kutoka asubuhi zilezile ulizozoea, lakini urudi mapema. Kipindi kimoja ninachokipenda katika wiki ya mwisho ni saa moja ya baiskeli yenye vipande vinne vya dakika tano kwa juhudi ya siku ya mashindano, kisha dakika kumi na tano za kukimbia. Unarudi nyumbani ukiwa na hamu ya kuendelea, na hamu hiyo uiache hapohapo.

Kinachofuata mwilini kitakushangaza kama hukuambiwa. Misuli inapojaza akiba ya glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, huhifadhi pamoja nayo takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, hivyo mizani itapanda kilo moja au mbili, na si mafuta hayo. Goti ambalo halijawahi kukusumbua litaanza kusema. Koo litawasha. Siku nyingine utajisikia mzito kiasi cha kudhani umepoteza mazoezi yote, kesho yake utajisikia kama farasi. Zote mbili zipuuze. Hatari kubwa ni ile siku ya farasi, kwa sababu ndipo watu hutoka kujipima, wakakimbia kilomita 15 kwa kasi ya nusu marathoni ili wapate uhakika, wakaacha sehemu ya mashindano yao Msasani. Ukiona kidole kinatamani kuifuta saa 12 na dakika 56 na kuandika namba nzuri zaidi, karatasi mpe mkeo au dada akuwekee.

Kuhusu masika: mashindano ya Gqeberha kwa miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika Machi au Aprili, yaani kipindi chako cha kupunguza kinaweza kuangukia kwenye mvua za Dar. Barabara ikiwa imejaa maji usione kama umepokonywa mazoezi. Huwezi kuona shimo lililo chini ya dimbwi, na kipindi cha saa moja hakistahili kuvunjia mfupa wa bega. Funga baiskeli ndani, uwashe feni, ufanye vipande vyako.

Jambo ambalo Dar haikuandalii ni ubaridi wa maji. Sisi tumezoea bahari ya nyuzi 27 au zaidi. Kule mara nyingi ni karibu na nyuzi 20 au chini ya hapo. Suti ya mpira ijaribu hapa alfajiri kwa dakika kumi na tano tu, ili ujue kama inakubana shingoni na kama unaweza kuivua haraka, maana ukikaa nayo zaidi katika maji yetu utapikika. Ukifika, ingia baharini asubuhi mbili zinazotangulia mashindano, uso kwanza, na upumue kwa kutoa hewa yote mpaka kifua kiache kushtuka. Nilipofanya hivyo pale Hobie Beach, ufukwe wa Gqeberha, mshtuko wa mara ya kwanza ulidumu dakika kadhaa. Asubuhi ya pili ulikuwa umepungua kabisa kuwa kero ya vidole. Baiskeli ikitolewa kwenye sanduku, kabla ya kuipanda kagua kile kipande laini kinachoshikilia mashine ya gia ya nyuma, kwani hupinda kirahisi safarini na utakigundua tu mnyororo unapotaka kuingia kwenye spoki. Ubebe cha akiba.

Chakula ni kifupi. Siku mbili za mwisho lenga gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku: wali mweupe, mkate, viazi vilivyomenywa, uji wa sembe wenye sukari, juisi. Maharage, mchicha na matunda yenye nyuzinyuzi yasubiri. Mlo mkubwa uwe wa mchana wa siku ya mwisho, si wa usiku. Wakati wa mashindano kula gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa, za aina ileile uliyoizoea katika safari zako ndefu, hata kama kwenye maonyesho ya vifaa watakugawia bure kitu kipya chenye rangi nzuri.

Usingizi wa usiku wa mwisho hautakuja vizuri, na hauna uzito mkubwa. Ule wa usiku unaoutangulia ndio wa kuulinda, kwa hiyo kata tiketi ya ndege itakayokufikisha siku tatu au nne kabla. Na kama bado unazo zile takwimu za mapigo ya moyo za safari ya kilomita 150, zibandike hapa chini, tukusaidie kupanga juhudi ya baiskeli kabla wiki hii haijaisha.